1JZ ya turbo: mpira wa petroli saizi gani?

Chuma_Dom: Wakuu, nafunga injini ya Toyota 1JZ-GTE kwenye Mark II, niko Dodoma. Lengo ni nguvu farasi 400, petroli ya kawaida. Niweke AN (namba ya saizi ya mpira na fitingi) ngapi? Fundi wa mipira ya haidroliki anasema ya kwake inahimili presha kubwa zaidi.

Kibati: Presha siyo tatizo, mkuu. Kwenye reli ya nozeli ni kama bar 3, turbo ikisukuma bar 1 inafika 4. Tatizo ni petroli yenyewe: mipira mingi ya haidroliki imetengenezwa kwa oili, petroli inailainisha kwa ndani, inamegeka, vipande vinaziba nozeli. Chukua mpira wa PTFE (tefloni) wenye wavu wa chuma, au mpira ulioandikwa SAE J30R9, alama ya mpira wa petroli wa injini za nozeli. J30R7 ni wa kabureta, uache. AN-6 kwenda kwenye injini na AN-6 kurudi tangini inatosha kabisa. AN-8 ni kutupa hela. Ila fitingi za PTFE zina pete yake ndani, usichanganye na za mpira wa kawaida, zitachomoka.

Spana14: Kukata mpira: zungushia selotepu kwanza ili wavu usifumuke, kisha puliza vumbi lote. Selotepu ya bomba usiweke kwenye nyuzi za AN. Kinachoziba ni ule mdomo wa digrii 37. Tone la oili linatosha, na usikaze kwa hasira, alumini hupasuka.

Chuma_Dom: Kupima je?

Spana14: Washa pampu injini ikiwa imezima, pitisha tishu kavu kila kiungo. Ikilowa, hakuna kuwasha.