Nafasi za kusomea utafiti wa saratani: kwa alama tu, au watoto wa kule ugonjwa uliko watengewe zao?

Ndizi Mshare (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili bila matusi, ingawa najua naomba makubwa.

Kuna mradi mmoja wa utafiti wa saratani, siutaji kwa sababu mdogo wangu anataka kuomba, umetangaza nafasi nane za mafunzo kwa waliomaliza digrii ya kwanza. Miaka miwili, posho ipo, na kila mmoja anapewa mlezi wa kitaaluma wa kumshika mkono tangu kuandika andiko hadi kuchapisha. Sharti la kwanza GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 4.0, la pili usaili wa Kiingereza. Wa mwaka jana nawafahamu: wote wanane sekondari wamesomea Dar.

Sasa kansa ya umio, hii tunayoiita ya koo, haikujigawa sawa. Ina ukanda wake, unashuka toka Ethiopia, unapita Bonde la Ufa Kenya, unagusa Kilimanjaro, unakwenda hadi Malawi. Ya mlango wa kizazi ndiyo inawamaliza kina mama: makadirio ya saratani duniani ya GLOBOCAN ya 2020 yalitupa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500, na wengi wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wanafika hatua ya tatu au ya nne, wametoka mbali.

Hoja yangu: nusu ya nafasi hizo watengewe vijana waliokulia kule wagonjwa wanakotoka. Nakosea wapi?

Upanga Mashariki
Unakosea hapo penye "watengewe". Utafiti si mahindi ya msaada kwamba kila kijiji kipate debe lake. Aliyefaulu aende. Na ndugu zetu wa mlimani, kabla ya kudai nafasi za kutafiti koo, punguzeni kwanza hiyo pombe yenu ya mbege.

Ndizi Mshare
Mbege imeingiaje hapa?

Upanga Mashariki
Kupitia kooni, kama kawaida yake.

Msesewe
Huyu mbege anaisikia kwenye bomba tu. Mbege ni ndizi na ulezi, chakula kabisa. Babu yangu ameinywa mpaka miaka 91 na koo lake lilikuwa linaongoza sauti ya nne kwaya ya usharika.

Dkt. Asiyelala
Babu yako si utafiti, mkuu. Pombe yoyote, iwe mbege, iwe bia, iwe wiski ya Upanga, imo kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwenye orodha ya IARC, wale watu wa saratani wa WHO, tangu 1988. Ila mleta mada hakuuliza pombe.

Msesewe
Na wiski. Asante daktari. Upanga umesikia?

Mzee wa Mgawo
Vijana mnazungumzia kutengewa kama kitu kipya. Mimi nilimaliza la saba katikati ya miaka ya 70, Kilimanjaro. Nafasi za sekondari ziligawiwa kimkoa. Kwetu shule za misheni zilikuwa nyingi, tukafaulu wengi kuliko fungu letu, basi mwenye alama zangu akabaki nyumbani na mwenye alama za chini yangu, wa mkoa mwingine, akaenda. Nililia nyuma ya banda la ng'ombe ili baba asinione. Mwalimu alikuwa na sababu yake, leo ninaielewa, siku ile sikuielewa. Wazazi wakauza kahawa, wakachanga, wakajenga shule zao wenyewe. Sasa wajukuu wa watu wale wale wanaomba mgawo.

Kijiwe cha Posta
Mzee umemaliza. Kumbe mgawo ni dhambi ukimpendelea jirani, ukija kwako unaitwa haki.

Ndizi Mshare
Usilete ukabila. Nimesema kule wagonjwa wanakotoka. Mama wa Mara, wa Mtwara, wa Tabora, wote wamo humo.

Upanga Mashariki
Mtwara umeikumbuka baada ya kubanwa.

PCB ya Kata
Niseme na mimi niliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, shule ya serikali huko ndani ndani. Tulikuwa 84 darasani, bureti mbili, moja inavuja. Titration, lile jaribio la kemia la bureti, nimeiona kwa macho mara moja, mikono yangu haikugusa, nilisimama mstari wa nne. Mtihani nikaufanya kwa kukariri rangi. Nimefika chuo, mwenzangu wa shule ya kulipia anashika pipeti kama kijiko. GPA yangu ikatoka 3.6. Mnataka kuniambia kichwa chake kinazidi changu kwa hiyo 0.4? Samia Skolashipu nayo inakwenda kwa waliofaulu juu kabisa, sawa, sikatai, lakini juu ya nini? Hata NECTA, baraza la mitihani, 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, walijua mbio hizi hatukuanzia mstari mmoja.

Kijiwe cha Posta
Waliacha kwa sababu ilikuwa matangazo ya biashara ya bure kwa shule binafsi. Usiwasingizie huruma.

Upanga Mashariki
3.6 si mbaya. Ila mgonjwa wa kansa hatibiwi kwa kuonewa huruma mwanafunzi.

PCB ya Kata
Nani kakuomba huruma? Wewe baba yako alikulipia ada ngapi?

Upanga Mashariki
Povu hilo. Tulia dawa ikuingie.

Dkt. Asiyelala
Nitasema niliyoyaona halafu nirudi wodini. Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi wa utafiti mahali fulani huko mlimani, dodoso mkononi. Kulikuwa na swali: chai unayokunywa ni ya moto sana, ya moto, au vuguvugu? Siku nzima watu wanajibu "ya kawaida". Sisi wa chuo tunaweka tiki kwenye vuguvugu, tunafunua ukurasa. Tulikuwa na binti wa kijiji kile kile, kaishia kidato cha nne, kazi yake kutuonyesha njia na kututulizia mbwa. Akacheka. Akasema, bibi hawezi kukwambia chai yake ni ya moto, hajawahi kunywa nyingine. Msimuulize, mwambieni awamiminie.

Tukaenda kwa bibi mmoja. Maziwa, majani na sukari vimechemkia sufuria moja, anamimina kwenye kikombe cha bati, ananyanyua, anakunywa hapo hapo huku anatuuliza habari za Dar. Tulipomwomba kikombe tukatumbukiza kipimajoto kikasoma 71. Mwenzangu alikishika akakirudisha mezani kwa haraka, bibi akamcheka.

Na si kioja cha siku hiyo tu. Kuna utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2015, walipima hivyo hivyo, watu wanaanza kunywa kwenye nyuzi 70 hivi. Mwaka uliofuata IARC wakaweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kuleta saratani. Yule binti hakuwa na GPA yoyote.

Kijiwe cha Posta
Hii ni chai.

Dkt. Asiyelala
Ndiyo. Ya maziwa.

Upanga Mashariki
Sasa tunywe chai ya baridi? Hayo yatakuwa maji ya kuoshea sufuria.

Msesewe
Kwa hiyo mbege imesafishwa?

Dkt. Asiyelala
Haijasafishwa. Imeongezewa mshtakiwa mwenzake.

Bomet Yetu
Majirani, mmenichekesha kisha mmeninyamazisha. Nyinyi mliambiwa mbege, sisi huku Bomet, Kenya, tukaambiwa ni mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa. Mtafiti akishuka kwa gari anatazama kwanza kile ambacho kwao hakipo. Chai hakuitazama kwa sababu alikaribishwa akainywa. Baadaye ndio watu wa Eldoret wakaanza kuuliza moto wa chai, na wakapata kwamba wanaokunywa vya moto sana ndio walio hatarini zaidi.

Mzee wangu alianza kwa kusema ugali unamkwama. Akawa anaushukisha na chai moto, alisema inafungua njia. Alikuwa na miaka 52.

Msesewe
Pole sana ndugu yangu.

mama_wawili_Mwanza
Pole kaka. Mungu ampumzishe.

Upanga Mashariki
Pole kwa dhati. Lakini naomba niseme kitu na msinirukie: hiyo ni hoja ya kupima chai, si hoja ya mgawo. Hata mtu wa Upanga anaweza kubeba kipimajoto.

Kijiwe cha Posta
Kipimajoto cha jikoni ni shilingi ngapi kwani? Mama watoto ananitazama vibaya na kikombe changu.

PCB ya Kata
Kariakoo ulizia maduka ya vyombo vya kuoka keki.

mama_wawili_Mwanza
Nyote mnagombania mlangoni, mimi niliingia ndani. Nafasi ya kutengewa, miaka kadhaa nyuma, mradi sitautaja wala chuo. Mimi wa mkoani na mwenzangu wa alama kubwa tulipewa meza moja. Wiki ya pili mwenzangu akaitwa kwenye vikao vya kuchambua data, mimi nikakabidhiwa kisanduku cha barafu. Miezi kumi na minne natoa damu na vinyama wilayani, nakaa navyo kwenye basi, kisanduku nimekipakata kama kichanga, kondakta anataka akiweke kwenye buti na mimi nakataa. Mlezi wangu nilionana naye mara tatu, moja ilikuwa ni kupiga picha ya pamoja. Makala ilipotoka nikalitafuta jina langu. Lilikuwa mwisho kabisa kwenye shukrani, na wamelikosea herufi. Sampuli zilipanda ndege, mimi nikapanda basi la kurudi kwetu.

Kwa hiyo msiniulize nafasi ngapi zitengwe. Niulizeni mlezi mmoja ana vijana wangapi, wanakutana siku gani, na faili la data linafunguliwa na nani. Ukimtengea mtoto kiti halafu ukamfanya tarishi, bora ungemwacha kwao auze dagaa.

Kijiwe cha Posta
Posho ulikula lakini.

mama_wawili_Mwanza
Nilikula. Nikamsomeshea mdogo wangu ualimu. Ndiyo maana nilibeba kimya kimya.

Kijiwe cha Posta
Sasa lalamiko liko wapi?

Dkt. Asiyelala
Kijiwe, huo si uungwana. Dada kasema jambo kubwa kuliko uzi wote huu na wewe umeona posho.

Baltimore Baridi
Naandika nikiwa Marekani, nafanya kazi maabara. Wenzetu walianza mambo haya zamani kwa vijana weusi, Walatino na wenyeji wa asili. Sababu mojawapo ni hii: mwanamke mweusi hapa anapata kansa ya matiti kidogo chini ya mzungu, lakini anakufa nayo kwa kiwango kinachozidi kwa karibu asilimia 40. Taasisi yao ya taifa ya saratani ilianzisha kituo maalumu cha tofauti hizo 2001. Hawakusubiri digrii. Ulikuwa unamkuta mtoto wa sekondari yuko maabara wakati wa likizo, ana mlezi wake, na ngazi zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka atakapokuwa mtafiti mwenye ruzuku yake. Anachosema dada wa Mwanza ndicho walichokazania: mlezi, si kiti. Bahati mbaya 2025 serikali mpya ilikata ruzuku nyingi za namna hiyo, na Mei mwaka huo huo NIH, taasisi zao za taifa za afya, wakasimamisha utaratibu wa vyuo vyao kugawa ruzuku mpya kwa washirika wa nje. Huko nyumbani mtakuwa mmeisikia.

Upanga Mashariki
Wenye wazo wamelitupa jalalani, sisi tunaliokota na kulifuta vumbi.

Baltimore Baridi
Halikutupwa kwa kuwa limeshindwa kazi. Limetupwa kwa kuwa uchaguzi ulipita.

Upanga Mashariki
Na wewe ulisomeshwa na nani, ukabaki huko?

Baltimore Baridi
Nilijua tutafika hapa. Nilisomeshwa kwa kodi yako na kwa mikopo ya Bodi, nimeilipa yote, risiti ninayo. Ungetaka nirudi nifanye nini, nibebe kisanduku?

Mzee wa Mgawo
Msitukanane. Tazameni Kampala. Yule Mwingereza Burkitt aligundua uvimbe wa taya za watoto miaka ya 60 pale hospitali ya Mulago...

Dkt. Asiyelala
Wa Ireland, mzee, na alichapisha 1958.

Mzee wa Mgawo
Mwaka huo ulikuwa hujatungwa mimba. Haya, wa Ireland. Akachukua gari na wenzake wawili, 1961, wakazunguka hospitali za huku kwetu mpaka kusini mwa Afrika wakiuliza nani ameuona uvimbe huu, na ramani ikawaonyesha unafuata joto na mvua. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya saratani ya Uganda, Wamarekani wakiwemo. Amin alipokuja wageni wakafunga mizigo. Taasisi haikufungwa, kwa sababu alikuwepo Charles Olweny, Mganda, aliyekwisha kufundishwa kazi akaijua. Akaikamata. Mimi mgawo ulinitoa machozi, lakini huyo Olweny ndiye ananifanya nisiupinge huu moja kwa moja.

Kijiwe cha Posta
Olweny alitengewa au alifaulu?

Mzee wa Mgawo
Alikuwepo.

PCB ya Kata
Nimepima chai ya mgahawa wa hapa chuoni. 58. Wanatuibia mpaka moto.

Upanga Mashariki
Nimepima yangu. Sisemi.

Msesewe
Sema!

Upanga Mashariki
74. Na kuna Mchaga yeyote atakayecheka nitamripoti.

mama_wawili_Mwanza
Ndizi Mshare umekuwa kimya. Mdogo wako ameshaomba? Ana 4.0?

Ndizi Mshare
Ana 3.9. Aliandika barua ya kuwaomba wamfikirie, akaniletea niisome kabla hajaituma. Mwisho wa kupokea ilikuwa jana saa sita usiku. Mimi nilikuwa huku nabishana na Upanga.

mama_wawili_Mwanza
Uwii.

Upanga Mashariki
Aitume hivyo hivyo leo asubuhi. Miradi hiyo huwa wanaongeza muda, nawajua. Namaanisha, nawajua wawili watatu waliopita huko.

Kijiwe cha Posta
Ahaa. Wa sekondari gani hao?

Msesewe
Ila mbege hainywewi ya moto, jamani. Nilitaka tu liingie kwenye kumbukumbu.