Mrejesho: mitindo ya kufundisha michezo baada ya mazoezi ya kufundisha

Asanteni mlionijibu. Niliuliza kama mazoezi ya kufundisha hubadilisha mtindo anaoupendelea mwalimu mtarajiwa wa michezo. Mimi yamenibadilisha. Chuoni nilivutiwa na ugunduzi wa kuongozwa, mmojawapo wa mitindo ya kufundisha ya Muska Mosston, mtaalamu wa elimu ya viungo, aliyeanza kuichapisha mwaka 1966: mwalimu anauliza, mwanafunzi anavumbua. Uwanjani, darasa kubwa, mipira michache na kipindi kifupi vikanisukuma kwenye amri na filimbi. Mwalimu mlezi aliyenisimamia naye alipenda wanafunzi wakae kwenye mistari iliyonyooka (na ndiye mtoa alama!). Kilichonishangaza ni kufundishana wawiliwawili: mmoja anaruka, mwenzake anamsahihisha akifuata kadi ya vigezo. Huo ndio ninaoupenda sasa. Ugunduzi nautumia kwenye mbinu za mchezo; kurusha mkuki naendelea kuamrisha, kwa usalama.