Tupeane uzoefu: mbio za matope na mtoto, hapa Goma

Jambo wandugu. Tunaotaka kuingia mbio za vizuizi vya matope pamoja na watoto, kila mtu aandike mtaa wake na aweke anachokijua. Hadithi za nani alianguka wapi tuziache.

Ndosho: Ardhi yetu ni lava, maji yanapita kama kwenye chujio. Chimba shimo la tope la mita 3 kwa 2, kina sentimita 30, tandika shitingi (turubai la plastiki) mara mbili. Tia udongo uliochekechwa, toroli 20 hivi, halafu maji, bidoni 20 za lita 20, kidogo kidogo huku mtu anakanyaga. Usipochekecha, kijiwe kimoja kinachana goti kama wembe. (Bidoni apewe mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, msijitese.) Tope lisipite goti la mtoto mfupi kuliko wote. Likipita, mguu unanaswa naye anaanguka kifudifudi.

Mama Keshero: Ndugu Ndosho, umeruka kubwa kuliko yote: mazuku. Ile ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri upepo ukiwa umelala. Haionekani. Baba aliyesimama anaweza asisikie kitu, lakini mtoto anayetambaa chini ya wavu wa kizuizi, pua yake iko mule mule. Upande wa magharibi, wa kwenda mji wa Sake, ndio wa kuogopa zaidi. Ukikuta panya au ndege wamekufa kwenye kibonde, hama. Mshumaa usiwe kipimo chako, unaweza kuendelea kuwaka na mtoto ameshaanza kulegea. Sehemu ya kutambaa iwe mwinukoni, na msianze kabla jua halijapanda vizuri.

Kadutu, Bukavu: Huku kwetu ni mfinyanzi na miteremko. Kupanda, mtoto mbele. Kushuka, mzazi mbele. Kwenye ukuta msukume kutoka chini, akanyage bega lako. Usimvute kwa mkono mmoja: kiwiko cha mtoto wa chini ya miaka 5 huteguka upesi. Bote za mpira hapana, zinajaa tope na kubaki humo. Avae raba kuukuu, kamba mafundo mawili, na jezi ya kandanda. Singleti ya pamba hunywa maji, mtoto anatetemeka.

Himbi: Wavu uwe wa kamba, kimo sentimita 50. Hereni zivuliwe. Tope likiingia jichoni asipikiche, mmiminie maji safi. Mchubuko: sabuni na maji mengi, na muangalie kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Ndosho: Asante mama. Sasa hilo shimo langu la sentimita 30?

Mama Keshero: Usichimbe kabisa. Panga mifuko ya mchanga kuzunguka, tandaza shitingi ndani, ipande juu ya mifuko, tope likae juu ya ardhi. Na koleo lako halitagombana na lava.