Helmeti ya boda: uso mzima, uso wazi au ya kunyanyua kidevu?

Kijiwe_Mbagala
Wakuu, nataka helmeti mbili, ya dereva na ya abiria. Kazi ni mjini, Mbagala hadi Kariakoo, juani kutwa. Dukani kuna aina nne: bakuli linaloishia juu ya masikio, uso wazi, uso mzima, na ile ya kunyanyua kidevu. Muuzaji anasema zote sawa, tofauti bei tu. Kweli?

Povu_Jeupe
Hapana. Bakuli liache hapo hapo dukani.

Kinachookoa kichwa ni lile povu gumu jeupe la ndani, ndugu yake lile linalokuja kwenye boksi la TV. Povu likibonyea linakula kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Ingiza kidole gumba, sukuma pembeni kitambaa: ukikuta sponji laini halafu plastiki, hiyo ni kofia ya kumwonyesha trafiki. Povu la maana lina unene wa kama sm 2.5. Ibebe mkononi pia. Helmeti ya kweli ina karibu kilo moja na nusu. Ya chini ya nusu kilo haina kitu ndani.

Kisha geuza mkanda wa kidevuni, utafute kitambaa kilichoshonewa hapo chenye E ndani ya duara. Hicho ni kipimo cha Umoja wa Mataifa, kanuni namba 22. Namba ikianza na 05 ni toleo la zamani, 06 ni jipya. Baada ya mkwaju (/) kuna herufi, na hapo ndipo jibu lako lilipo. J ni uso wazi. P ni kidevu kilichopimwa kikakinga. NP ni kidevu kipo lakini ni pambo tu. Ya kunyanyua iwe na P/J, maana yake imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Yenye P peke yake ukiendesha imenyanyuliwa, uko nje ya kipimo.

Stika ya DOT nyuma, alama ya kipimo cha Marekani, isikutie moyo. Kwa Marekani mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na stika yenyewe inachapwa popote.

Nyali_Pikipiki
Nakubali, ila joto nalo ni usalama. Huku Mombasa mwezi wa pili mtu akivaa uso mzima usio na matundu ya hewa, jasho likimwingia machoni ataisukuma hadi kisogoni na mkanda ataufungua. Akianguka, helmeti inaenda kivyake na kichwa kivyake. Kwa dereva wa kushinda juani mimi nampa P/J: foleni anainyanyua, barabara kuu anaifunga. Uso mzima wa P unashinda kwa safari ndefu, na kwa wepesi, kwa sababu ile ya kunyanyua ina bawaba na uzito wa ziada shingoni. Uso wazi nauweka wa tatu. Taya na meno viko nje, na watu huanguka kifudifudi.

Kioo kiwe cheupe. Cheusi ni cha mchana peke yake.

Kijiwe_Mbagala
Hicho kipimo wanagonga kwa mwendo gani? Boda inakimbia 60.

Povu_Jeupe
Toleo la 05 ni mita 7.5 kwa sekunde, yaani km 27 kwa saa. Usicheke. Kichwa kikidondoka toka urefu wa mita 1.6 kinafika chini kwa kama km 20 kwa saa, hata pikipiki ikiwa imesimama. Ile 60 ya mbele inageuka kuteleza, mradi hakuna cha kukusimamisha. Ukikutana na ukingo wa lami, nguzo au ubavu wa daladala, 60 yote inaingia kichwani na hakuna helmeti ya kuimaliza.

Bi_Tepe
Mmesahau abiria. Helmeti moja haikai vichwa vyote. Pima kwa tepe ya cherehani, juu kidogo ya nyusi kuzunguka kisogo: sm 57–58 kwa kawaida ni M, 59–60 ni L. Ya abiria chukua L ya uso wazi yenye J. Mwenye rasta au mafundo makubwa uso mzima hauingii, ataishika mapajani. Hijabu nyepesi haina shida. Kilemba kinene kinaiinua juu, paji la uso likabaki wazi. Weka na kofia za kuogea za plastiki, maana wengi wanakataa kwa kuogopa jasho la mwenzao.

Jaribio: funga mkanda, vidole viwili vipite chini yake, visizidi. Kisha shika ukingo wa nyuma uvute kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, kubwa.

Fundi_Spoku
Mkiisha kununua, msiitundike kwenye saitimira. Ncha ya kioo inachimba povu taratibu, na shimo hilo halirudi. Petroli na thina vinayeyusha povu, kwa hiyo usiipulizie rangi wala kuifuta kwa kitambaa cha gereji. Sabuni ya kuogea na maji vinatosha. Ikigonga lami kichwa kikiwa ndani, tupa hata kama ganda halina ufa: povu lililokwisha kubonyea halifanyi kazi mara ya pili.

Msalaba_Kijani
Moja kuhusu uso mzima. Ajali ikitokea watu hukimbilia kuivua. Majeruhi akiwa anapumua, fungua kioo, zuia kichwa kisitikisike, subiri wahudumu. Ivuliwe tu kama hapumui au anatapika. Wawe wawili: mmoja anashika taya na kisogo kwa chini, shingo ibaki imenyooka na mwili, mwingine anafungua au kukata mkanda, anapanua pande za masikio kwa nje, anavuta polepole, akiinamisha kidogo ili kidevu cha helmeti kivuke pua. Ya kunyanyua, inyanyueni kwanza.