Namuuguza mama saratani ya shingo ya kizazi, mwenyewe nimeishiwa nguvu. Naombeni ushauri

BintiWaIramba:

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nina miaka 31, kitinda mimba kwetu. Mama amekutwa na saratani ya shingo ya kizazi, akapewa rufaa kutoka Singida kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, hapa Dar es Salaam. Nimempokea kwangu Mbagala, chumba na sebule, nami nina mtoto wa miaka 4. Amepangiwa mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya kemo mara moja kwa wiki. Leo tumemaliza wa 14.

Saa kumi alfajiri naamka, nachemsha maji, namwogesha, napika uji, mtoto nampeleka kwa jirani. Saa kumi na moja na nusu tuko kituoni tuwahi daladala ya Posta mama apate siti, kutoka Posta tunachukua bajaji. Tukirudi ni kufua, maana tangu wiki ya pili anaharisha na mashuka hayakauki. Usiku ananiamsha mara nne, tano. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani sijaigusa tangu mama aje. Ndiyo inayonilipia kodi.

Kaka zangu watatu wapo. Kila asubuhi kwenye grupu la familia: "Mama kaamkaje?" Najibu. Mwanzoni walituma hela, sasa wanatuma pole. Hakuna aliyewahi kuuliza mimi nimelalaje.

Juzi usiku mama alichafua shuka mara ya tatu, nikamfokea. Akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe mwanangu, nakuchosha." Nikatoka nje, nikakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Tangu siku hiyo akiumwa ananificha. Namwona anauma kanga, nikimuuliza anasema yuko salama.

Halafu jirani kaniambia mtoto asilale na bibi yake, eti atapata mionzi. Nimewatenganisha, mtoto analia kila usiku.

Nifanye nini? Naomba kuwasilisha.

Mzizi_Mkavu_Tbr:

Pole sana dada. Mungu amponye mama na akutie nguvu.

Kaka_Mtulivu:

Vumilia mdogo wangu. Mama alikubeba miezi tisa, hukumsikia akilalamika. Kuna watu wanatamani wangekuwa na mama wa kumuuguza.

MamaWawili:

Kaka, yeye hajasema hataki kumuuguza mama yake. Amesema halali. Mtu asiyelala wiki tatu ukimwambia avumilie hujamsaidia kitu, umemwongezea aibu tu.

Nesi_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Nimekaa wodini miaka 34, ya mwisho nikiwa kitengo cha tiba shufaa, yaani kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa mahututi na familia zao.

Kwanza mrudishe mtoto kwa bibi yake usiku wa leo. Mionzi ya mashine inapita mwilini na kuishia palepale chumba cha tiba. Mama hatoki nayo, na saratani haiambukizi kwa kulala pamoja wala kula sahani moja. Tena bibi anamhitaji huyo mtoto kuliko unavyodhani.

Pili, kuharisha. Mionzi ya nyonga inagusa utumbo, kwa hiyo ni jambo la kawaida, lakini daktari lazima ajue maana dawa ipo. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, punguza maharage, mboga mbichi na maziwa kwa sasa. Tandika nailoni juu ya godoro, kisha kanga kuukuu zilizokunjwa, ili usiku utoe kanga badala ya kufua shuka zima. Siku mbili baada ya dripu, vaa glovu ukishika choo, mkojo na matapishi. Akipata homa ya 38 kwenda juu, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali.

Sasa wewe. Uingereza kuna dodoso lililotungwa kwa ajili ya watu wanaouguza nyumbani, lilianza na vipengele 14. Nililipenda kwa sababu halimuulizi mtu kama amechoka, linamuuliza katika kila jambo kama anahitaji msaada zaidi: hapana, kidogo, kiasi, au sana. Vipengele vingine vinahusu kazi ya kuuguza: kuelewa ugonjwa, kutoa dawa, vifaa, nani wa kumpigia mambo yakiharibika. Vingine vinakuhusu wewe mwenyewe: usingizi, afya yako, fedha na kazi, hofu zako, imani, kupata muda wako. Anayeuguza ni mfanyakazi mwenzetu, na papo hapo ni mtu anayestahili kuhudumiwa. Sisi manesi tulikuwa tunamwona kama mfanyakazi tu.

Nimeupitia uzi wako kwa jicho hilo. Panaposema "sana" kwako ni usingizi wa usiku, kisha kodi, kisha hofu kuhusu maumivu ya mama. Anza na hayo matatu, mengine yangoje. Na maumivu hayaachwi yavumiliwe. Mwambie daktari anauma kanga. Dawa zipo mpaka mofini ya maji, na kupewa mofini si kwamba amefika mwisho.

NipoMuscat:

Dada, mimi si ndugu yako, ila nilikuwa kama hao kaka zako wa kwenye grupu. Niko Muscat, baba yangu aliuguzwa na dada yetu Tanga. Kila siku nilikuwa nauliza "mzee anaendeleaje", naambiwa "hivyo hivyo", basi najua mambo yanakwenda. Siku moja dada akaandika: "Ijumaa nahitaji mtu alale na baba, na elfu thelathini ya nepi za watu wazima. Nani analeta kipi?" Nilituma ndani ya dakika tano. Nilikuwa sijui nepi zinanunuliwa. Sijitetei, nilipaswa kuuliza, na linaniuma mpaka leo. Lakini usiwaandikie kaka zako kwamba umechoka. Waandikie kazi, siku na kiasi.

Mgane_wa_Tabata:

Nilimuuguza mke wangu miezi 11. Nilipodondoka kwenye foleni ya dawa ndipo nilipopimwa, presha ilikuwa juu sana na sijui tangu lini. Kila wiki nilikuwa napita mbele ya mashine ya presha nikimsukuma mwenzangu kwenye kiti cha magurudumu. Mwombe nesi akupime nawe.

Pia tafuta ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali. Waeleze kodi, nauli, umbali, mtoto. Hata kama kipo cha kusaidia, hawatakujua usipofika.

Kuhusu kumfokea mama: nami nilimfokea mke wangu, kwa sababu ya uji. Niliomba radhi kesho yake na tukaishi vizuri mpaka alipoondoka. Usiache siku nyingi zipite.

BintiWaIramba:

Nimerudi, leo tumemaliza wa 19. Nawashukuru sana.

Niliandika kwenye grupu kazi sita, kila moja na siku yake. Kaka wa pili amechukua bajaji ya kutoka Posta kwa wiki zote zilizobaki. Wa tatu hana hela, ila mkewe alikuja kutoka Morogoro Ijumaa mpaka Jumapili akalala na mama. Nililala saa mbili usiku nikaamka saa moja asubuhi, nikashona magauni mawili. Kaka mkubwa amesoma, hajajibu.

Mama nilimwomba radhi nikimpaka mafuta miguuni. Alilia. Akasema maumivu yanaanzia kiunoni, alikuwa anaogopa nikisikia nitamrudisha Singida. Daktari amembadilishia dawa na usiku wa jana aliamka mara moja tu. Mtoto analala miguuni kwake.

Ustawi wa jamii nimeshaonana nao, wameniambia nirudi na barua ya serikali ya mtaa.

Nesi_Mstaafu:

Umefanya vema. Baada ya hii 25 mara nyingi hufuata mionzi ya ndani, ile ambayo chanzo chake huwekwa mwilini karibu na uvimbe. Waulize mapema siku ngapi, ili wifi yako apange safari kabla. Na presha umepima?

BintiWaIramba:

Bado mama. Jumatatu, tukifika tu.