Johnson 25 ya zamani inakaba nikifungua gazi: kame na kabureta vinapangwaje?

Pirogi_Kituku (Goma)
Jambo ba ndugu. Ni motere ya pirogi, Johnson ya nguvu za farasi 25 ya mwaka 1973, silinda 2, kabureta 1 (inayochanganya hewa na esanse), platini (vipande vinavyokata umeme ili cheche itoke) ziko chini ya volani, lile gurudumu zito la juu ya motere. Inawaka vizuri, na ikiwa chini inatulia. Lakini ukizungusha mkono wa gazi haraka inakaba, inakohoa mara mbili, ndipo inaruka. Ukifungua polepole sana haikabi. Kabureta imeoshwa, bujii (plagi) ni mpya, esanse (petroli) ni safi. Fundi mmoja wa kando ya ziwa anasema nikunje kijiti cha chuma kinachosukuma kabureta. Nikunje?

FundiNguba (Bukavu)
Usikunje, ndugu. Kijiti kikishapindwa kwa koleo hakuna kipimo kinachobaki cha kukurudisha ulikotoka.

Kwenye motere hizo mkono wa gazi hauvuti kabureta moja kwa moja. Unazungusha sahani ya chini ya volani, ile inayobeba platini, na ikizunguka cheche inatangulia. Sahani hiyo imefungiwa kame, kipande cha chuma chenye mgongo uliopinda. Kame inasukuma kigurudumu kidogo, nacho kinafungua kipepeo cha kabureta, kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Kipepeo kikifunguka mapema, hewa inajaa ndani wakati cheche bado iko nyuma, na motere inakaba kama hiyo yako. Kikichelewa, mwendo wa chini unapanda bila nguvu, halafu motere inaruka ghafula.

Kabla ya kugusa kitu, toa bujii zote mbili na uunganishe nyaya zake na bodi ya motere. Pima nafasi ya platini: 0.5 mm kila moja. Ukizipanga platini baadaye, wakati wa cheche utabadilika na kazi ya kame itakuwa bure.

Sasa toa kifuniko cha hewa mbele ya kabureta ili ukione kipepeo. Bana kibanio cha nguo kwenye ncha ya mhimili wa kipepeo, kisimame kama mshale: mwendo ambao jicho halioni pale kwenye mhimili utaonekana kwenye ncha ya kibanio. Tia vitesi (gia) ya mbele huku unazungusha volani kwa mkono, kwa sababu vitesi ikiwa katikati motere hizo hazikubali gazi ifike mwisho. Sogeza gazi kidogo kidogo. Kibanio kianze kutikisika pale pale mstari uliochorwa kwenye kame unapokuwa katikati ya kigurudumu. Kikitikisika kabla ya mstari, legeza visi zinazoshika kame, usizitoe, sogeza kame, kaza, rudia. Ukipata sawa mara tatu mfululizo, acha.

Tilapia243
Mimi naona ni kazi nyingi. Kaza visi ya mwendo wa chini motere ipande kidogo, itaacha kukaba.

FundiNguba (Bukavu)
Itaficha ugonjwa tu, yaya. Ukiipandisha, vitesi itaingia kwa kishindo, na meno ya klachi ndani ya mguu wa motere ndiyo yatakayolipa.

Mama_Sambaza (Idjwi)
Fundi amesahau ulegevu. Maji ya ziwa Kivu hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo viungo havili kutu haraka na watu wanadhani ni vizima. Vikombe vya plastiki kwenye viungo vinalika kimya kimya. Shika mkono wa gazi, utikise: ukienda milimita kadhaa bila sahani kusogea, badilisha vikombe kwanza. Mstari hauna maana kama kila ukirudi unasimama mahali pengine. Kipande cha mpira wa esanse kilichokatwa vizuri kinaweza kukufikisha nyumbani, lakini si matengenezo.

Angalia pia resori (springi) ya kipepeo. Ikichoka, kipepeo hakifungi hadi mwisho, na utadhani ni kame.

Pirogi_Kituku (Goma)
Aksanti sana. Kibanio kilikuwa kinatikisika mapema, karibu 4 mm kabla ya mstari. Sasa kiko sawa na motere haikabi tena. Ila gazi ikiwa mwisho nguvu bado ni ndogo, na ikiwa chini inatoa moshi.

FundiNguba (Bukavu)
Gazi ikiwa mwisho, kipepeo kilale sawa na njia ya hewa. Kikibaki kimeinama, pima urefu wa mkono wa gazi. Kikipita usawa, kinajibana na kuvunja vikombe.

Moshi ni sindano ya mwendo wa chini, ile inayopima esanse kwenye kabureta. Ifunge taratibu mpaka iguse, bila kukaza, kisha ifungue mizunguko 1 na nusu. Washa motere, pirogi ikiwa ziwani na mzigo wake, vitesi ya mbele, motere imepata moto. Funga sindano sehemu moja ya nane ya mzunguko, subiri sekunde 15, sikiliza. Ikipiga chafya kwenye kabureta umezidisha, rudisha kidogo. Kwenye pipa kipimo kinadanganya, moshi wake unajirudia ndani. Na bila maji usiiwashe hata sekunde chache, mpira wa pampu ya maji utaungua.

Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kila mita 300 zinakula karibu 3% ya nguvu. Hiyo 25 inabaki kama 21, na hakuna kame itakayoirudisha. Jikleri (tundu la esanse ndani ya kabureta) ndogo kidogo na elisi (panga inayosukuma maji) isiyo kali sana vinasaidia.

Mama_Sambaza (Idjwi)
Mafuta unachanganyaje?

Pirogi_Kituku (Goma)
Bidoni ya lita 20, mafuta 800 ml.

Mama_Sambaza (Idjwi)
Hapo ndipo moshi unapotoka. Kipimo hicho ni cha motere za Johnson za kabla ya 1964. Ya 1973 inataka esanse 50 kwa mafuta 1, yaani 400 ml kwa lita 20, mafuta ya motere za maji, si ya pikipiki. Ondoa ule mchanganyiko wa zamani kwanza, weka bujii safi, ndipo urudi kwenye sindano. Na zile visi za kame, zitie rondeli (washa) za resori, mtetemo unazifungua.