Mkono wa mtoto wa Zaituni (kikundi cha ukoo, Tanga)

Zaituni: Shikamooni wakubwa. Naomba dua na ushauri. Mtoto anatimiza wiki tatu leo, mkono wa kulia bado hauinuki. Unaning'inia tu, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Wa kushoto anaurusha vizuri. Hospitali walisema utarudi wenyewe.

Bibi Tatu: Pole mjukuu wangu. Mlete nimkande na mafuta ya nazi, nimvute taratibu hadi ukae sawa.

Mamdogo Rehema: Marahaba Zai. Mama, nakuomba kwa heshima zote, usimvute. Hiyo ni mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi, ilivutika wakati anazaliwa. Ukivuta tena unamuumiza zaidi. Zai, alikuwa na kilo ngapi? Alikwama?

Zaituni: Kilo 4.3. Kichwa kilitoka, bega likagoma. Mmoja ananikandamiza juu ya tumbo, mwingine anavuta kichwa.

Mamdogo Rehema: Ya Rabi. Bega likikwama, mama anakunjwa mapaja hadi yaguse tumbo, kisha msaidizi anabonyeza chini kabisa, juu kidogo ya kinena, bega lipate kuteleza. Kukandamiza tumbo kwa juu hapana, kunazidi kulibana bega kwenye mfupa wa nyonga.

Juma: Basi uzembe huo. Tuwashtaki!

Mamdogo Rehema: Juma, tulia kwanza. Bega hukwama hata kwa mtoto wa kilo tatu, hata mkunga awe hodari vipi. Kinachoulizwa ni walifanya nini lilipokwama. Ila mkono haungoji kesi. Zai, wiki hii hii nenda hospitali ya mkoa, omba fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na picha ya eksirei ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega, wakati mwingine nao huvunjika. Wengi hupona. Lakini akifika miezi mitatu hawezi kukunja kiwiko mwenyewe, aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, msikubali tena "utarudi wenyewe". Upasuaji huo una wakati wake, mwaka ukipita faida inapungua sana. Ukimvisha, anza na mkono mgonjwa. Ukimvua, umalizie huo. Na asibebwe kwa kwapa.

Bibi Tatu: Haya, nimesikia. Simkandi.

Mjomba Salim: Nilikuwa mahakamani. Zai na Hamadi, andikeni barua ya kuomba nakala ya faili la leba, hasa ile chati ya uchungu, partografu. Kadi ya kliniki msimwachie mtu, ipigeni picha kila ukurasa. Na wewe Zai andika leo unayokumbuka: saa, nani alikuwepo, nani alisema nini.

Hamadi: Mjomba, tukiomba faili si watatuchukia? Kliniki ya mtoto ni pale pale.

Mjomba Salim: Hofu yako naielewa, baba. Kuomba faili si kushtaki. Andikeni kwa adabu, nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi. Mkitaka daktari achunguzwe, malalamiko yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, na ya mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Huko hakuna fidia, kuna nidhamu. Fidia ni mahakamani, na kwa kuwa hospitali ni ya serikali, lazima kwanza notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Mtoto sheria inamlinda kwa umri wake, lakini gharama zenu wazazi msizikalie. Na tutahitaji daktari mwingine wa kutoa ushahidi. Kesi nyingi hufia hapo.

Shangazi Mwajuma (Glasgow): Poleni sana wanangu. Huku Scotland kuna mama, Nadine Montgomery, mfupi, ana kisukari, mtoto mkubwa tumboni. Daktari hakumwambia hatari ya bega kukwama, ambayo kwa mama kama yeye ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Likakwama, mtoto akaumia ubongo na mkono. Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikampa haki: alistahili kuambiwa na kuchagua. Zai, wewe uliambiwa mtoto ni mkubwa?

Zaituni: Ultrasaundi ilisema mkubwa. Nikauliza kuhusu kujifungua kwa upasuaji, nikajibiwa nisiwe mwoga.

Mjomba Salim: Hilo liandike neno kwa neno, pamoja na tarehe. Halafu nitumie.

Mamdogo Rehema: Jumatatu saa mbili asubuhi nakupitia, tunakwenda wote fiziotherapia.

Shangazi Mwajuma: Hamadi, angalia simu, nimetuma ya nauli na picha.